Ng'ombe wa Sodiamu

Nyangi alifika shule ya sekondari ya juu karibu na Oyugis akiwa na sifa za kujaza debe. Kwao Isebania walimwita Malkia wa Sayansi, na mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa cheo. Mwalimu wake wa zamani aliwafundisha chumvi kwa mfano wa mahari: sodiamu ana ng'ombe mmoja wa ziada, yaani elektroni, klorini amepungukiwa na mmoja, ng'ombe akishatolewa, ndoa imefungwa. Mfano mtamu, na Nyangi aliushika kama amri ya kanisani.

Sasa ulikuwa umemponza. Katika mtihani wa kwanza wa kemia alipata yai, yaani sufuri. Malkia mzima, yai! Mwalimu Priscah, mpole wa sauti lakini asiye na mchezo, alimpa nafasi moja ya kueleza mbele ya darasa bondi ya chumvi, yaani kinachoishikanisha. Akishindwa, ahamie historia. Nyangi alitaka kuwa mfamasia, na mfamasia wa historia bado hajazaliwa.

Basi alisimama, mkoba wake umeshafungwa juu ya dawati, tayari kuhama. Mwalimu alishika vichupa viwili vya kioo vyenye maji maangavu.

"Haya ni maji ya chumvi. Hii ni nitrati ya fedha."

Alimimina kimoja ndani ya kingine. Papo hapo maji yakageuka meupe, mabonge mabonge kama maziwa ya mala yaliyoganda.

"Yawa!" Gordon, mcheshi wa darasa, alipiga kelele kwa mshangao kutoka nyuma.

"Fedha na klorini wameshikana," Mwalimu alisema. "Nani amempa mwenzake elektroni?"

"Fedha, Mwalimu. Amempa klorini," Nyangi alijibu upesi.

"Fedha alipoteza yake zamani, kabla hata ya kuingia kwa chupa. Na klorini alishapata yake kwa sodiamu. Hawa wawili leo hawajapeana kitu."

Nyangi aliyakodolea macho yale mabonge meupe. Hawajapeana kitu, na wameshikana mbele ya macho yake! Kumbe miaka yote hiyo alishangilia mahari, ndoa yenyewe hakuiona.

"Basi kinachowashika ni nini?" Mwalimu aliuliza.

Nyangi aliutazama mkoba wake. Ndipo likamjia jambo ambalo tangu afike huku hakumwambia mtu, hata Dorine anayekaa naye dawati moja, kwa kuogopa kuchekwa. Lakini mficha uchi hazai.

"Mwalimu, mama yangu aliolewa na nyanya yangu."

Kalamu ya Dorine ilianguka sakafuni na hakuiokota.

"Ni mila yetu Wakuria," Nyangi aliendelea, uso ukimwaka moto. "Nyanya Robi hakuwa na mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe, akamuoa mama ili amzalie warithi, boma lisife. Ng'ombe walienda Tarime, kwa babu mzaa mama. Nyanya na huyo babu ndio walipeana, na hawajawahi kuishi pamoja. Wanaoshikana ni nyanya na mama. Kwa hivyo kupeana si ndiyo bondi. Kupeana kunamwachia kila mmoja chaji yake tu, huyu chanya, yule hasi. Halafu chanya inavuta hasi yoyote iliyo karibu, hata kama hawakupeana. Huko kuvutana ndiyo bondi."

"Na hao ng'ombe?" Gordon aliuliza. Safari hii hakuwa akitania.

"Walikufa wote kwa ugonjwa kabla sijazaliwa. Mama bado yuko."

Mwalimu Priscah alikiweka kichupa mezani, akaenda hadi kwenye dawati la Nyangi, akafungua zipu ya mkoba, akatoa kitabu cha kemia na kukiweka palepale.

"Keti," alisema.