Kilichopita na Adhana

Mara mbili Suhaila alimficha Mwanapili, na mara mbili Silima, mume wa Mwanapili, akamfuata mpaka mlangoni. Kwanza hapa hapa Wete, kisha Chokocho, alikomvunja mkono. Safari hii kampeleka Kengeja kwa Bi Moza, na hakumwambia mtu; hata Bi Moza hakuambiwa mgeni wake anamkimbia nani. Ameandika tu kwenye kompyuta ya ofisi, asubuhi ile, kama msaidizi wa sheria anavyotakiwa. Basi kama siri inavuja, inavujia humo.

Mambo ya kompyuta alikuwa ameyasomea. Baada ya sala ya adhuhuri akajifungia, akaweka programu ya proksi, ambayo kazi yake ni ya bawabu: kila kinachotoka kwenda mtandaoni hukisimamisha na kukifungua, na mwenye kompyuta akaamua kipite au kifutwe. Akazipitisha humo programu zote alizozishuku. Ile inayoadhini kila wakati wa sala akairuka.

Haya, tumcheke. Aliyeitia programu ile ni Silima mwenyewe, fundi wa kompyuta, Ramadhani iliyopita, kabla mkewe hajakanyaga ofisi ile. Aliitia bure katika maofisi yote ya mtaa, sadaka, na watu wakamwombea dua, Suhaila akiwamo. Lakini nani kati yetu angeanza kumpekua muadhini?

Akakagua kimoja kimoja asipate kitu. Ilipoingia alasiri, kila programu aliyoishuku ilikuwa imezuiwa, hakuna kinachopita. Adhana ikalia kwenye kompyuta, na taa ya modemu ikaanza kupepesa kwa haraka.

Suhaila akaitazama taa ile. Kuna kilichotoka bila kupita kwa bawabu.

"Astaghfirullah," alinong'ona, kama anayefanya dhambi, akaiingiza adhana nayo kwenye proksi. Akabonyeza kitufe cha kuijaribu. Sauti tamu ikalia tena, na safari hii mzigo ukanaswa. Akaufungua. Ndani mlikuwa na picha ya kioo cha kompyuta yake, kama kilivyokuwa dakika ile ile, na anwani ya kupelekwa ilikuwa na jina la duka la Silima.

Akaufuta. Akashusha pumzi, akakaribia kucheka kwa faraja. Kisha akakumbuka adhana ya adhuhuri, na kilichokuwa wazi kwenye kioo wakati inalia: Kengeja, nyumba ya Bi Moza, chumba cha uani. Akaikamata simu, akapiga Kengeja.

"Bi Moza, shikamoo, Mwanapili yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo uani, anakuja. Mbona watweta?"

"Fungeni milango! Asiingie mtu!"

"Hata mgeni uliyemtuma?" Bi Moza alicheka kwa upole. "Kanambia wewe ndo ulomwelekeza, hata chumba alomo mkewe kakijua. Mtu mwenye adabu zake, n'shamtilia chai. N'ngeacha vipi mgeni nje?"

"Mtoe, Bi Moza! Mtoe!"

Bi Moza hakumsikia. Alikuwa ameigeuzia simu mgongo, akiita kwa sauti ya furaha: "Mwanapili! Njoo, mwanangu, mumeo kaja!"