Sahihi ya Pili

Siku walipofukuzwa kazi walipewa dakika kumi na tano za kukusanya vitu vyao. Watu arobaini na mmoja, wengine wamezeekea kwenye karakana ile ya ndege ndogo za matajiri, dakika kumi na tano! Hata mwizi wa kuku hupewa muda zaidi wa kujieleza. Fundi mmoja, mwanamke ambaye wote walimwita Spana, alikomba kila kilichokuwa juu ya meza yake, akakitumbukiza mfukoni na kutoka bila kumuaga mtu. Alichotoka nacho kingine ni hasira.

Hasira hizo hizo ndizo zilizozaa kundi. Siku ile ile aliwaunganisha wenzake kwenye simu, kundi akaliita Tuliobaki Chini. Walianza kumi na wawili. Matajiri walipozidi kuegesha ndege zao na kampuni zikazidi kufukuza watu, wakafika mia mbili na kumi: marubani, mafundi, wahudumu, wasafisha viti, hata mlinzi wa lango la kiwanja, aliyekuwa bado kazini. Walielekezana kazi ilipo, wakaazimana vitabu vya mitihani, wakawasema waajiri mpaka simu zikapata moto. Spana hakuiamini simu peke yake. Kila jina aliliandika kwenye daftari kuukuu alilolikuta mle mfukoni, akianzia kurasa tupu za nyuma.

Sharti lilikuwa moja. Ndege iliyolala muda mrefu hukaguliwa na mafundi wawili: mmoja afanye kazi, wa pili aipitie, kisha wote wasaini. Waajiri, kwa kisingizio cha hali ngumu, sasa walitaka fundi mmoja tu. Kundi likaapa kwamba hakuna atakayekagua peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi asubuhi moja mlinzi wa lango akaandika: "Jamani, shemeji yake Spana yuko huku ndani. Anakagua ile ndege nyeupe. Yuko peke yake."

Shemeji! Mume wa mdogo wake, fundi aliyefundishwa na Spana mwenyewe kushika bisibisi. Kikulacho ki nguoni mwako. Akampigia.

"Shemeji, wa pili wako ni nani?"

"Dada, nisikilize kwanza. Miezi minane niko nyumbani. Nimechoka mdogo wako kunitazama anavyonitazama."

"Nimekuuliza, wa pili ni nani?"

"Meneja anasema atasaini yeye."

"Meneja? Yule hata nati ya baiskeli inamshinda!"

"Mwenye njaa hana miiko, dada." Simu ikakatwa.

Spana akamtoa kundini papo hapo, mbele ya watu wote, kwa maneno ambayo mama yake angemfinya kwa kuyaandika. Halafu akalinyakua daftari amfute na humo. Kwa ghadhabu akalifungua upande usio wenyewe, upande wa mbele, akakutana na mwandiko wake wa miezi minane iliyopita, siku alipoifunika ndege ile ilale: "Ndege nyeupe. Vifuniko vyekundu, sita. Tundu la hewa la kushoto, kifuniko kimepotea, nimeziba kwa selotepu."

Akausoma tena. Kwa tundu lile dogo la ubavuni ndege hupima kimo na kasi yake. Likizibwa, rubani anasomewa uongo huko juu. Selotepu yenyewe haikuwa na rangi, na ilibandikwa kwenye bati jeupe. Utepe mwekundu aliounganisha nayo huenda upepo ulishaubeba. Na daftari hili lilipaswa kuwa karakanani, mkononi mwa yeyote atakayeifungua ndege ile. Yeye ndiye aliyelikomba siku ile ya dakika kumi na tano.

Akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena, imezimwa. Angeandika kundini, lakini mtu mwenyewe si ametoka kumfukuza sasa hivi? Mlinzi naye haruhusiwi kuacha lango. Hasira hasara. Akarukia pikipiki.

"Kadi yako ilishafutwa, Spana," mlinzi alimwambia langoni.

"Najua."

"Basi ngoja mimi nifunge kamba za kiatu," akasema, akainama.

Ndege ilikuwa imeshatolewa nje, rubani anapanga mizigo. Shemeji alishika fomu mkononi. Sahihi ya meneja ilikuwa imeshakauka kando ya yake. Spana hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja ubavu wa kushoto, akapapasa, akaingiza ukucha, akabandua kipande cha selotepu na kumwinulia shemeji usoni. Shemeji akakitazama, akatazama lile tundu, akakaa chini juu ya sanduku la vifaa.

"Nani kamruhusu huyu mama?" meneja alifoka. "Si imeshatoka? Ndege iondoke!"

"Wewe umesaini. Ubavu huu uliupitia?"

"Mimi ndiye msimamizi hapa."

"Uliupitia, au hukuupitia?"

Meneja akatazama saa yake. Shemeji akainuka, akapiga mstari juu ya sahihi yake mwenyewe.

"Ukitoka hapa hurudi," meneja akamwambia.

"Sawa," akasema shemeji, akaanza kuvua ovaroli.

Nje ya lango Spana alimkabidhi daftari. "Hili nililichukua mimi. Halafu badala ya kuja kuwa wa pili wako, nikakutukana. Naona aibu, shemeji. Lakini hasira zangu kwako ziko pale pale."

"Hata mimi nazo, dada. Kwangu mwenyewe."

Saa sita mchana kundi lilikuwa linawaka. Meneja alikuwa amewapigia mafundi saba, mmoja baada ya mwingine, na wote saba walimuuliza neno moja: wa pili ni nani? Wote saba aliwakatia simu.

Simu ya nane ikaita sebuleni kwa Spana. Akaiangalia ikiita, ikiita, kisha akamsukumia shemeji mezani.

"Pokea wewe."

Shemeji akaiweka sikioni, akasikiliza sauti ya meneja, iliyokuwa imepungua makali.

"Tunakuja," akasema. "Tuko wawili."