Vyungu Mia Tatu vya Posta

Vyungu mia tatu na kumi na viwili, na ramani ya makumbusho yetu inasema vyote vilifinyangwa posta. Posta! Kwenye jengo la stempu na barua! Nilipoliona lile doa moja jekundu kwenye kompyuta nilicheka, kisha nikapandwa na hasira.

Kosa lilikuwa letu, sisi watu wa stoo. Tangu zamani, kitu kikipokelewa bila maelezo, karani huandika mahali sanduku lilipofungwa, na masanduku yale yalifungwa posta. Mimi mwenyewe niliyaingiza kwenye ramani mwaka mzima bila kuuliza.

Nikamwita shangazi yangu, mfinyanzi, binti wa mfinyanzi. Alivipindua kimoja kimoja, akipapasa kitako cha kila chungu.

"Huu udongo wa kwetu, pale mto unapopinda. Hiki chenye changarawe ni cha wale wa mlimani. Hawajui kuchekecha, na nimewaambia mpaka nimechoka!"

Wiki tatu tulikaa hivyo, yeye anataja mahali, mimi naweka doa jipya. Kimoja alikitambua kwa mchoro wa ukingoni: cha mama yake. Alikipakata, akalia kwa sauti. Nikaapa doa hilo haling'oki, liwalo na liwe.

Siku ya uzinduzi wa maonyesho, Mkurugenzi alikuja mbio saa moja kabla ya wageni.

"Nani katawanya madoa? Rudisha posta! Kitabu cha maonyesho kimeshachapishwa."

"Sirudishi."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka sana.

"Nakumbuka, bosi. Rudisha mwenyewe."

Akashika kipanya. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, ramani ikasimama kichwa chini miguu juu. Jengo zima, programu hiyo naijua mimi tu. Nikaiweka sawa, madoa nikayaacha palepale.

Wageni wakaingia. Mkurugenzi akakohoa, akaanza, "Mkusanyo huu wa posta..."

Shangazi akapenya katikati yao, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, pale mto unapopinda.

"Mama, tafadhali, usiguse kioo," Mkurugenzi alisema.

"Mama yangu alifinyangia hapa," shangazi aliwaambia wageni, na kidole hakukiondoa.