Kumvusha Dastan Mutukula

Kwa miaka mingi Dastan, Mhaya wa Buganguzi, Tanzania, aliwasimulia wenzake vilabuni habari za Kampala, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akiwadanganya. Jiji lenyewe hakuwahi kulitia machoni. Enzi za ujana alifika Masaka na magunia ya kahawa, akalala huko, akarudi. Mengine yote, majumba na mataa na wanawake wa Kiganda wanaopiga magoti hata barabarani, aliyatia chumvi mwenyewe huku akinywa rubisi, pombe yao ya ndizi. Mkewe Kokugonza alijua kuwa ni uongo, akamwachia. Mwanamume anayelima vizuri na asiyeinua mkono nyumbani kwake anaweza kuachiwa uongo mmoja.

Sasa alikuwa Kampala kweli, na kilichompeleka ni saratani ya koo.

Yeye na mkewe walifikia mtaa wa Nateete kwa mwanamke mmoja wa Kiganda aliyeitwa Nalongo, jina ambalo Waganda humpa mama wa mapacha. Marehemu mumewe alikuwa mnunuzi wa kahawa, na kila msimu alilala nyumbani kwa Dastan, akala ndizi za Kokugonza bila kudaiwa hata senti. Nalongo hakusahau. Aliwahamisha watoto wake kutoka chumba cha nyuma, akawatandikia Wahaya wake kitanda. Kiganda na Kihaya ni lugha za ndugu, na walipokwama walikimbilia Kiswahili, ambacho Nalongo alikizungumza kana kwamba anagombana na mtu.

Dastan alipigwa mionzi wiki baada ya wiki. Siku ya mwisho daktari alimwita Kokugonza kwenye korido, akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kabla hawajafika.

"Mpeleke nyumbani, mama," alisema. "Akae na watu wake. Msichelewe."

Kokugonza alilia chooni, akanawa uso, kisha akaenda kumwambia mumewe kwamba daktari ameridhika, sasa ni kurudi nyumbani kupata nguvu.

"Nyumbani kuna haraka gani?" Dastan akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona tu. "Tangu nije nimeona kitanda na mashine. Ngoja kwanza na mimi niione Kampala."

Mtu mwingine angefurahi kuona mgonjwa ana hamu ya matembezi. Kokugonza alianza kuhesabu siku. Kwao Buganguzi mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake. Baba yake Dastan yuko pale, babu yake yuko pale. Na Joanitha, mtoto wao wa pekee, aliyekufa akiwa bado anasoma shule ya msingi, yuko pale karibu na ukuta wa jiko, kwa sababu mama yake alikataa alazwe mbali na moto. Tangu siku hiyo Kokugonza alishapanga: Dastan upande huu, yeye upande ule, mtoto katikati. Kuuvusha mwili mpakani kunataka vibali, sanduku na gari, na wao walikuwa wamebaki na nauli na pesa kidogo ya kula. Akifia Kampala atazikwa na wasiomjua. Kwa hiyo ilikuwa lazima avuke mpaka wa Mutukula kwa miguu yake mwenyewe, na kumwambia sababu ya haraka hiyo kulikuwa sawa na kumwambia kwamba anakufa.

Basi wakawa wanatembea. Ziara za watu wasio na kitu zina utaratibu wake: unakwenda mahali pasipo na kiingilio, na ukichoka unakaa. Walikwenda kwenye lile ziwa ambalo Kabaka aliwachimbisha watu wake kwa mikono. Dastan, mtu aliyezaliwa anaona Ziwa Viktoria, alilitazama muda mrefu, akasema kwao Muleba mahali kama hapo wanaogeshea ng'ombe. Waganda wawili waliokuwa karibu walimwelewa vizuri sana, na Kokugonza akaona aibu. Walipanda kilima cha Rubaga kwa bodaboda moja, mgonjwa katikati, wakakaa kanisani hadi mlinzi akaanza kuwatazama. Walizunguka soko la Owino wakishikilia nguo wasizozinunua.

Kila walipopumzika, Dastan alimnunulia mkewe rolex, ile chapati ya Kampala inayokunjwa na mayai ndani. Yeye hakuweza kumeza chochote kizito kuliko uji. Alikaa karibu naye, akamwangalia akitafuna.

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri namna gani? Niambie vizuri."

Akamwambia: mayai ni ya moto, kitunguu kimekatwa kikubwa, chumvi imezidi. Dastan alitikisa kichwa kwa kuridhika kama aliyekula yeye. Kokugonza alimeza chakula kile kwa shida, kwa uchungu na kwa hasira, kwa sababu kila tonge lilikuwa ni siku nyingine imepotea.

Kila jioni alisema, "Baba Joanitha, kesho twende." Kila asubuhi Dastan alikuwa na kilima kingine. Na alizidi kuisha. Suruali ilishikiliwa na kamba. Siku moja alikaa chini katikati ya njia, mtaa wa Ndeeba, watu wakampita pande zote mbili, na ilibidi kijana wa chipsi amsaidie Kokugonza kumwinua.

Siku hiyo Kokugonza alikata shauri. Alimwambia mumewe kwamba wamemchosha mwenyeji, watoto wanakaribia mitihani na wanakitaka chumba chao, ila Nalongo anaona haya kusema. Ulikuwa uongo mbaya juu ya mwanamke mwema, na Kokugonza alilijua hilo. Lakini alimjua pia mumewe. Hakuna kitu ambacho Dastan hakukivumilia kama kuwa mzigo kwa watu wengine.

Dastan aliangalia mlango.

"Basi tuondoke," akasema.

Nalongo alipoona wanafunga mizigo alishangaa, akasema Kiganda chote alichokuwa nacho. Dastan alimshukuru kwa ubaridi, kama mtu anayemshukuru karani. Nalongo aliumia. Kokugonza aliinama akaendelea kufunga.

Basi liliondoka asubuhi. Kokugonza alimweka mumewe dirishani, akamshika mkono safari nzima, kidole chake kikiwa juu ya mshipa unaopiga. Kufika Masaka ulipiga. Walipopita Kyotera aliupoteza kidogo, kisha akaupata. Aliomba rozari bila rozari. Hakumwomba Mungu uponyaji. Hilo alikuwa ameliacha kwenye ile korido ya hospitali. Aliomba Mutukula tu.

Mpakani abiria walishuka kugonga mihuri. Dastan alisimama kwenye foleni akimwegemea. Ofisa alitazama picha, akatazama uso, akarudia tena picha, kisha akagonga. Wakatoka upande wa pili. Palikuwa na mama anayeuza karanga, akawakaribisha kwa Kihaya.

Kokugonza alicheka. Machozi yalimtoka na bado anacheka, hata mama wa karanga akamuuliza kama ni mzima. Akamrudisha Dastan kwenye kiti, na basi lilipoanza kushuka kuelekea Kyaka hakuweza tena kujizuia.

"Nilikudanganya," alisema. "Daktari hakuridhika. Alisema hakuna tena cha kufanya. Na Nalongo hakutufukuza, mimi ndiye niliyetunga. Nisamehe. Nilitaka uvuke ukiwa hai, ukalale nyumbani na mtoto wetu. Sasa umevuka. Hata ikiwa leo, Baba Joanitha, tumeshafika kwetu."

Dastan hakumtazama.

"La daktari nilijua. Uliporudi kutoka chooni ulikuwa umenawa uso mpaka nywele." Alipumzika, akatafuta sauti. "Mama Joanitha, kibanja nimekiuza."

Kokugonza alidhani hakusikia vizuri. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo na injini inaunguruma.

"Zile pesa alizotuma mdogo wangu Privatus tulipoishiwa. Ulidhani ni michango ya ukoo. Ukoo ungetoa wapi? Nilimpigia simu nikamwambia atafute mnunuzi. Mionzi ilikuwa haijaisha. Nilitaka kupona."

"Na nyumba?"

"Na nyumba."

"Na Joanitha?"

Dastan alifumba macho. "Kule Nateete kila mtu aliamini kwamba nina kwangu," alisema. "Hata wewe. Na mimi nikitembea na wewe nilikuwa naamini. Ndiyo maana sikutaka kuondoka."

Kokugonza hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Wala hakuuachia ule wa mumewe. Alikataa kuamini, ndivyo alivyojikaza hadi Bukoba. Stendi alikodi gari dogo kwa pesa za mwisho, akamwambia dereva: Buganguzi, moja kwa moja. Privatus ni mlevi, mauzo yake hayana nguvu, alijiambia njiani. Na ikishindikana kwingine, wazee wa ukoo watayatengua.

Kwenye mlango wa nyumba yake kulikuwa na kitasa kipya. Aliyefungua alikuwa Lwakatare, mtu wa Ijumbi aliyefanya biashara miaka mingi mjini Bukoba, na nyuma yake mkewe alikuwa akimenya ndizi. Migomba ilikuwa imepaliliwa vizuri kuliko alivyowahi kuipalilia Dastan. Kokugonza alipiga magoti kizingitini. Hakuomba nyumba. Hakuomba hata mgomba mmoja.

"Tafadhali, waitu, mume wangu yuko kwenye gari. Hana siku nyingi. Nakuomba nafasi ya kaburi lake tu, pembeni ya mtoto."

Lwakatare alimwinua, akamletea kiti na maji. Ilionekana wazi kwamba anateseka.

"Makaburi yaliyopo sitayagusa, niliahidi mbele ya ukoo," alisema. "La mtoto nalipalilia mwenyewe. Lakini jipya siwezi, mama. Wewe ni Mhaya kama mimi. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba kibanja ni chake, anaonyesha nani amezikwa pale. Nikimpokea mumeo leo, kesho watoto wa Privatus watasimama juu ya kaburi lake waseme sikununua, nilikaribishwa. Na mimi nimeweka hapa kila nilichokuwa nacho. Mimi pia nataka kuzikwa mahali."

Kokugonza alitafuta tusi la kumtukana akakosa. Angekuwa yeye, angejibu hivyohivyo. Hapo ndipo alipokata tamaa kabisa, kwa sababu mtu mbaya unaweza kupigana naye, ukamlaani, ukampeleka baraza la kata. Huyu alikuwa na haki.

Akaomba ruhusa ya kumwona mwanawe. Mke wa Lwakatare alimsindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa, hadi kwenye ukuta wa jiko lake mwenyewe. Palikuwa safi. Alisimama kidogo. Akarudi kwenye gari.

Dastan alikuwa ameegemea dirisha, anaangalia migomba.

"Amekataa," Kokugonza alisema. Hakuwa na nguvu za uongo mwingine.

"Angekubali vipi?" Akapumua, akapumua tena. "Mimi nitazikwa tu, Kokugonza. Hata manispaa watanizika." Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. "Kule Kampala sikuwa natafuta pa kuzikwa. Kila kilima nilichopanda nilikuwa najiuliza wewe utakwenda wapi. Sikupata jibu."

Kokugonza alimtazama. Katika siku zote hizo alikuwa amewaza kaburi la mumewe, na hakuwahi hata mara moja kuwaza kwamba atakayebaki bila kitanda ni yeye, mzima wa afya, na miaka mingi mbele.

Dereva aliwasha gari, akauliza anawapeleka wapi.

Kokugonza alikuwa amemvusha mume wake akiwa hai, na sasa hakuwa na pa kumlaza, awe hai au awe maiti, wala pa kujilaza mwenyewe. Dereva akauliza tena, safari hii kwa Kihaya, akidhani labda hawakuelewa.

"Subiri kidogo," Kokugonza alisema, ingawa hakukuwa na kitu cha kusubiri.