Kadi Arobaini za Amolo

Kadi zilikuwa zimeongezeka. Warigia aliliona hilo kabla hata hajaketi: sanduku la kadi za matundu za programu kuu ya kompyuta, aliloliacha likiwa na nafasi ya kupenya kidole, sasa lilikuwa limejaa pomoni.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwaka 1984. Kwa wiki tatu alikuwa nyumbani Ziwani akimuuguza mamake, akiwa na nakala ya programu hiyo iliyochapwa karatasini. Ndiyo iliyowapangia zamu madereva wa kampuni yao ya mabasi. Dereva mmoja alikuwa amesinzia kwenye usukani, basi likaingia mtaroni na watu sita wakalazwa. Programu haikujua kwamba binadamu huchoka. Warigia aliirekebisha kati ya uji na dawa za mama, akatoboa kadi mpya alfajiri hiyo, akijiona mkombozi.

"Weka zako, toa za zamani," Bwana Mbuthia, msimamizi wake, alimwambia. "Orodha ya zamu itoke mchana."

Angeweza. Lakini kadi arobaini zilizoongezwa zilikuwa za Amolo, mwandishi mwenzake wa programu, ambaye Warigia hakuwa akisemezana naye tangu Amolo amkosoe mbele ya wenzao. Kuziondoa kungeifuta kazi yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu Warigia.

Aliichapisha nakala kuu, akailaza kando ya yake, akapitia mstari baada ya mstari akiwinda makosa. Badala yake akakuta Amolo amewakumbuka madereva wanaobadilishana zamu, jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini. Uso ukamwaka, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Mahali pamoja tu nakala zilipingana. Akaenda nazo hadi mezani kwa Amolo.

"Baada ya zamu nimewapa mapumziko ya saa nane. Wewe umeandika kumi. Kitabu cha kanuni kinasema nane."

Amolo alizivuta nakala karibu. "Kitabu hakikai Mowlem."

"Una maana gani?"

"Jirani yangu huko Mowlem ni dereva. Saa nzima kwa miguu kufika nyumbani, saa nzima kurudi. Toa hizo kwenye nane zako, uone usingizi uliobaki."

Warigia akavuta kiti. Wakaanza na kadi za Amolo jinsi zilivyokuwa, kisha wakazichomeka za Warigia moja moja mahali pake. Ile yenye nane aliikunja mwenyewe, akaitupa.

"Na mvua ikinyesha," akauliza, "saa mbili za njiani zinatosha?"

Amolo akatikisa kichwa. "Mwezi wa nne? Hazitoshi."

Wote wawili wakaitazama kadi tupu, isiyotobolewa bado, iliyokuwa mkononi mwa Warigia.