Solo ya "Fridah wa Lugulu"

Ukitaka kumkasirisha Mzee Kigen, weka wimbo wa "Fridah wa Lugulu" karibu naye, halafu umsifu Kizito. Wimbo wenyewe unapendwa hadi leo. Harusi ya Bungoma haiishi bila wimbo huo, na hata kule Kitale, anakoishi Kigen na ng'ombe wake wawili, hausahauliki. Katikati yake mwimbaji Wekoye anapaza sauti, "Kizito, nipe dawa!" na gitaa la solo linaingia kwa utamu wa kumfanya mtu mzima amwage chai. Basi watu husema, huyo Kizito alikuwa na vidole jamani.

Vidole hivyo vilikuwa vya Kigen.

Mambo yalikwenda hivi. Miaka ya themanini, bendi ya Misikhu Nyota ilipokuwa ikienda Nairobi kurekodi, Kizito, mpiga solo wao, alishikwa na malaria akalazwa. Wekoye, kiongozi wa bendi, alikimbia Kitale akamtoa Kigen kwenye baa moja ya Kipsongo alikokuwa akipiga wikendi, akamkodi kwa kazi hiyo moja tu. Kigen alikuwa kijana, studio hajawahi kuiona. Walirekodi mara moja, muda wao ukaisha. Na Wekoye, kwa mazoea, akaita jina alilozoea kuita. Santuri ikatoka hivyo hivyo, na kwenye jalada ni Kizito anayecheka.

Kigen alisema. Alisema ni yeye aliyepiga, tangu ujanani mpaka mvi zikamjaa. Wenzake sokoni walimwitikia "ehe, ehe" huku wakikonyezana. Wanawe walikua wakijua kwamba baba yao hupiga chuku juu ya mambo mawili: wimbo ule, na chui aliyemfukuza Mlima Elgon. Mkewe Chelangat hakumcheka, lakini hakuwahi kusema kwamba anaamini, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Mtu umezaa naye watoto, unamwambia jambo la kweli, naye anakujibu, "Kula kwanza, chakula kinapoa."

Kwa hiyo mwaka huu Wekoye alipofika kwake akijikongoja na mkongojo, Kigen alimsikiliza bila kupepesa macho. Kulikuwa na sherehe ya wanamuziki wa zamani mjini Bungoma. Kizito alikuwa amepata kiharusi, mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena. Nani mwingine angepiga ile solo?

"Nitakuja," Kigen alisema. "Lakini hapo mahali unaita jina, utaita Kigen."

"Si hiyo ni kitu kidogo, bana."

"Kwako ni kidogo. Sema utaita."

"Nitaita, ndugu yangu. Haki ya Mungu."

"Na mke wangu, Mama Chepchumba, ataenda na mimi. Akae mbele, asikie."

Chelangat, aliyekuwa akipepeta maharagwe, aliinua macho. "Mimi? Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" Lakini siku ilipofika, alikuwa wa kwanza kuvaa.

Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda ukuta. Kizito aliletwa mbele kabisa kwenye kiti cha magurudumu, mkewe Dinah akimfuta mdomo kwa leso. Kigen hakuwahi kukutana naye. Miaka yote hiyo alikuwa akiichukia picha. Sasa alimwona alivyokonda, shati limemzidi, akamwonea huruma, kisha akajikaza. Leo ni yangu, alijiambia. Wamekula jina langu vya kutosha.

Jukwaani walikuwa wageni watupu, isipokuwa Wekoye. Aliyepiga gitaa la rizimu, lile la kusindikiza solo, aliitwa Khisa, baba wa watoto wanne kutoka Misikhu, mwanafunzi wa Kizito mwenyewe. "Mzee, wewe ingia tu," alimwambia Kigen kwa heshima, bila hata kumwuliza jina. "Mimi nitakufuata."

Wimbo ukaanza, watu wakainuka. Ilipofika pale mahali, Wekoye aligeuka, akamwelekezea Kigen mkongojo, akavuta pumzi na kuita kwa nguvu zake zote, "Kigen, nipe dawa!"

Hakuna aliyemsikia. Uwanja mzima, wazee, akina mama na watoto wa shule, uliita pamoja naye, "Kizitooo, nipe dawa!" Wameujua wimbo huo tangu tumboni mwa mama zao, utawaambia nini? Maskini Wekoye alibaki mdomo wazi.

Kigen alipiga. Alipiga kwa hasira, na hasira ikavipa vidole nguvu. Aliona Chelangat akipiga makofi kama wengine, tena amemgeukia Kizito, anamtazama yeye. Machozi yalimlengalenga. Solo ilipokaribia mwisho Khisa alimkodolea macho kama mtu aliyekosa ngazi gizani, na pale mbele Kizito akapiga kiti chake kwa mkono wa kushoto, akapaza sauti, "Aa-aa! Hapana!"

Wimbo ulipoisha Kigen aliteremka na kumwendea moja kwa moja.

"Hapana nini? Umekula sifa yangu maisha yako yote, na bado unanikosoa?"

Maneno yalimtoka Kizito kwa shida. "Umekosea. Pale juu. Kidole… kinateleza."

Kigen alipajua mahali hapo. Kule studio, kwa woga, kidole chake kiliteleza kwenye uzi, sauti ikapinda ndipo ikarudi mahali pake. Aliona haya sana. Kwa miaka, akiwa peke yake nyumbani, alikuwa akilisahihisha kosa hilo, na leo alikuwa amepapiga palivyopaswa kuwa.

"Ile ilikuwa makosa," alisema. "Nilikuwa naogopa."

"Kwani wewe ni nani, mzee?" aliuliza Dinah.

"Mimi ni Kigen, wa Kitale. Ile santuri, ni mimi nilipiga."

Dinah alimtazama, akamtazama mumewe, akarudi kwake. "Ati Kigen ni mtu?"

"Ni mtu vipi?"

"Huyu alitoka hospitali akaweka hiyo santuri, anatoa, anaweka, mwezi mzima hatulali. Ati anatafuta kigen. Nikauliza kigen ni nini, akasema ni hapo gita inateleza. Vijana wote amefundisha wanaita hivyo. 'Umesahau kigen.' 'Weka kigen.' Mimi nilidhani ni maneno ya gita!"

Kizito alikuwa akilia bila kujificha. "Niliwaambia si mimi," alisema. "Wakacheka. Nikaona… basi, jina lake nitaweka hapo."

Kigen alikuwa na maneno aliyoyaweka akiba miaka na miaka, makali yote. Halikutoka hata moja. Alichutama mbele ya kile kiti, magoti yakimuuma, akaushika ule mkono uliolala.

"Ilikusumbua kuipata?"

"Sana. Wewe… unakosea vibaya."

Walicheka wote wawili mpaka Dinah akawaangalia kwa wasiwasi.

Watu walikuwa wakipiga kelele, "Tena! Tena!" Kigen akarudi jukwaani. Wekoye, jasho likimtoka, alimnong'oneza, "Sasa niite nani, bana?"

"Ita yule wamezoea."

Wekoye akamwita Kizito, uwanja ukamwita Kizito, na Kigen akaingia. Safari hii hasira haikuwepo. Alipofika pale juu aliachilia kidole kikateleza, sauti ikapinda, ikarudi. Kule chini vidole vya kushoto vya Kizito viliteleza gotini pamoja naye. Na Khisa, aliyekuwa akilingoja jambo hilo tangu mara ya kwanza, alijaa furaha, akasogelea kipaza sauti na kupiga ukelele, kama wapiga gitaa wa Misikhu wanavyotaniana wakifika hapo:

"Kigen!"

Hakujua kwamba alikuwa akimwita mtu. Lakini sauti ilienea uwanja wote, na Chelangat akaacha kupiga makofi. Alisimama, akamshika bega mama asiyemjua aliyekuwa kando yake.

"Huyo wanaita," alimwambia, "ni mzee wangu."