Kijiko cha Mama

Wifi yangu alitia kufuli kabati la chakula. Haki ya Mungu, mtu mzima mimi, fundi cherehani ninayevisha nusu ya mtaa, nafungiwa mkate kama panya! Nilimjia juu. "Wifi, hii ni nyumba ya mama yangu, si duka lako."

"Na hiyo presha ni ya nani?" akanijibu. "Muuguzi kasema ikipanda tena utaanguka. Mama tumemzika juzi tu. Sina nguvu za kuzika mwingine."

Wifi ni mke wa kaka yangu, tunakaa ua mmoja, na jambo lake halisemi mara mbili. Nilikubali kwa sababu alisema kweli. Gauni nililovaa mazishini lilikuwa halipiti tena mabegani. Lakini kukubali si kuacha, bwana. Nilinunua biskuti, nikazificha kwenye kapu la vitambaa, nikawa natafuna huku nakanyaga cherehani ili kelele ifunike kelele. Mteja mmoja akarudisha blauzi yake, mfuko umejaa chenga za biskuti. Nilicheka kwa aibu. Wifi aliposikia hakucheka hata kidogo.

Kesho yake akaja chumba cha kushonea, akavuta kigoda. Nikajua hapa napigwa mahubiri, nikajiweka tayari kwa vita.

"Wifi, njaa yako inakushika saa ngapi?"

"Njaa ina saa?"

"Yako inayo. Nipo jikoni nakusikia unavyochakura makaratasi. Saa nne, saa saba, saa kumi na moja. Kila siku."

Mkono wangu ulibaki kwenye gurudumu la cherehani. Zile zilikuwa saa za kumlisha mama.

Mama alipougua aligoma kula. Mkaidi yule, hajapata kutokea! Mwisho tukapatana: nile kijiko kimoja mimi, ndipo naye ale kimoja. Uji, viazi vya kupondwa, supu ya kuchuja. Niwe nimeshiba, nisiwe nimeshiba, nilimeza, maana nisipomeza alifumba mdomo na kugeukia ukutani. Kijiko kwa kijiko, ndivyo nilivyomshikilia. Sasa hayupo, lakini saa ikifika mkono unanyanyuka wenyewe. Tumbo halikuwa limeomba kitu.

"Nisipokula," nikamwambia wifi, "naona kama namwacha afe." Nikalia kwa kwikwi, nikailowesha suruali ya watu iliyokuwa mapajani.

Hakuniambia nyamaza. Alinishika goti mpaka nikatulia, kisha akatoa ufunguo wa kabati na kuuweka mezani. "Kumbe mimi nilikuwa naufungia msiba kabatini. Nisamehe, wifi. Saa kumi na moja nitakuwa nakuja. Sikulindi. Tunakaa tu, tunamsema mama."

"Kumsema vibaya?"

"Na vibaya pia. Alinionea sana yule bibi!"

Tulicheka, na mimi bado kamasi zinanitoka. Haikuisha siku ile, nisikudanganye. Kuna siku wifi alichelewa na mimi nikamaliza pakiti nzima, nikajichukia mpaka alipofika. Aliketi tu, akaanza: "Unakumbuka mama alivyomfukuza mshenga kwa ufagio?" Akaendelea kuja.

Halafu ikaja jioni moja, tukapiga soga mpaka giza likaanza kuingia, na saa kumi na moja ikapita bila mkono kunyanyuka. Tumbo likanguruma. Njaa ya kweli hiyo, nilikuwa nimeisahau sura yake.

"Tupike," akasema wifi. "Unapenda kula nini?"

Mimi ninayejua kiuno cha kila jirani, sijui ninachopenda kula! Nikahesabu kwa vidole uji, viazi, supu, vyote vya mama.

"Samaki," nikasema hatimaye. "Mzima, wa kukaanga, na miiba yake yote." Samaki wa miiba hakuwa ameingia nyumba ile tangu mama alipoanza kuugua.

Miiba haitaki pupa. Unachambua, unaonja, unangoja. Niliisikia chumvi, nikaisikia na ndimu. Upande mmoja wa samaki ulipokwisha nikaisogeza sahani.

"Nimeshiba," nikasema. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka neno hilo.

Wifi aliinamia sahani yake, akajifanya anatafuta mwiba, huku anafuta machozi kwa kiwiko.